RunX za Lubumbashi: juu ya nini moteri inakufa mbele ya motokari

Simama dakika tano tu kwenye njia ya Kasapa ao ya Kipushi, uhesabu Toyota RunX na ndugu yake Allex. Utachoka. Ni motokari fupi, yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, umbo la kijana: inakaa chini, taa kubwa, mara nyingine na bawa nyuma. Japani ilianza kuzitengeneza Januari 2001, ikaacha 2006 wakati Auris ilipochukua nafasi. Maana yake hata ile changa zaidi iko kwenye miaka 20, na ndiyo hiyo bado inabeba watu kazini, watoto masomo, na wamama na mifuko yao ya soko.

Watu wengi wanauliza swali moja. Toyota ni jina la kuaminika, motokari imefika ikiwa safi, viti vizuri, hata harufu ya kiwanda haijaisha. Mwaka wa pili ao wa tatu, moteri kwisha. Juu ya nini? Kuna wanaosema Wajapani wanatuletea uchafu. Kuna wanaoshitaki esanse ya bidoni, kuna wanaoshitaki barabara. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli. Lakini ukifuata kesi hizi mpaka kwenye garaji, sababu kubwa ni mafuta ya moteri. Na nyuma ya mafuta kuna habari ya pesa: kati ya mwenye motokari na shofere, ni nani anayelipa ile lita ya kuongeza?

Tuanze na namna zinavyotufikia, kwani inaeleza mengi.

Kenya haikubali motokari iliyopita miaka 8. Uganda, tangu 2018, imefunga mlango kwa zile zilizopita miaka 15. Basi RunX haiwezi tena kuingia huko. Njia iliyobaki inashuka Dar es Salaam, inapanda mpaka Tunduma na Nakonde, inakata Zambia na kutokea Kasumbalesa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa juu ya mazingira, ya mwaka 2020, ilihesabu motokari ndogo milioni 14 zilizotumika ambazo ziliuzwa nje kati ya 2015 na 2018, na Afrika ndiyo iliyopokea fungu kubwa kuliko wote. Sisi wa Haut-Katanga tuko mwisho wa mto huo. Kinachokataliwa juu kinateremka kwetu.

Hiyo si lazima iwe mbaya. Motokari ya miaka 20 iliyotunzwa Japani, kwa barabara ya lami, mafuta yakibadilishwa kwa wakati, inaweza kuwa na moteri nzuri kuliko ya miaka 8 iliyoteswa. Umri wa karatasi haufundishi kila kitu. Shida ni kwamba wengi wananunua umbo, hawanunui moteri.

Sura moja, moteri tatu

RunX ya Japani ilitoka na moteri tatu, na kwa nje zinafanana kama mapacha. Ya kwanza ni ya 1,5, inayoitwa 1NZ-FE, yenye nguvu ya farasi karibu 110. Ya pili ni ya 1,8, inayoitwa 1ZZ-FE, farasi karibu 130. Ya tatu nayo ni ya 1,8, lakini ni mnyama mwingine kabisa: 2ZZ-GE, Toyota iliyofanya pamoja na Yamaha, farasi 190, ndani ya ile inayoitwa Z Aerotourer. Afrika ya Kusini nayo iliuza RunX yake ya RSi na moteri hiyo ya tatu, kilowati 141, na kwa sababu tunapakana na njia ya kusini, hizo nazo zinaonekana huku.

Ukifungua kofia ya mbele, tafuta kibati cha Toyota kilicho ndani ya sehemu ya moteri. NZE121 ni ile ya 1,5. ZZE122 ni ya 1,8 ya kawaida. ZZE123 ni ile ya mbio. Herufi tatu na namba tatu, hauhitaji diplome kuzisoma. Hata hivyo kila wiki kuna mtu anayenunua "RunX ya 1,8" bila kujua ni ipi kati ya hizo mbili, na tofauti yake inaweza kumkula akiba ya miaka.

Ile ya 1,5 ndiyo tungemshauri ndugu yetu. Inakunywa kidogo, piesi zake ziko kila mahali kwa sababu moteri hiyo hiyo iko ndani ya IST na Probox na Corolla nyingi, na kila fundi mjini ameshaifungua.

1ZZ-FE ina ugonjwa unaojulikana dunia nzima. Pistoni zake za miaka ya kwanza zilikuwa na vitundu vidogo sana vya kurudishia mafuta. Vitundu vikiziba kwa uchafu, segmenti zinakwama, na moteri inaanza kula mafuta. Baadaye kiwanda kilibadilisha pistoni, lakini motokari zilizokwisha kutoka zilitoka. Hakuna moshi mwingi mwanzoni, hakuna kelele. Kijiti cha kupimia kinashuka tu, polepole, na kama hakuna anayekitazama, hakuna anayejua.

2ZZ-GE ndiyo inayovuta vijana. Chini ya mizunguko 6 000 kwa dakika ni motokari ya kawaida. Ikipita hapo, moteri inabadilisha kamu, vali zinafunguka zaidi, na kweli, unasikia kama mtu amekusukuma mgongoni. Tunaelewa utamu wake. Lakini kila kitu ndani yake kinadai utunzaji wa juu. Japani iliiombea esanse ya daraja la juu. Zile za kwanza zilikuwa na skrubu mbili za kushikilia mkono wa vali ambazo zinakulika na kukatika. Hapo kamu ya pili haifanyi kazi tena, na mtu anazunguka miezi akisema motokari "imekuwa baridi". Na ukikosea vitesi, ukataka kutoka ya tano kwenda ya nne ukaangukia ya pili, pompi ya mafuta inaweza kupasuka meno papo hapo.

Kuna na jambo ambalo hakuna muuzaji anayelitaja. Lubumbashi iko mita karibu 1 200 juu ya bahari. Hewa ni nyembamba, na moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1 000. Farasi 190 za karatasi, hapa kwetu hazifiki 170. Unalipa mbio ambazo nyingine zimebaki Yokohama. Kusema kweli, kwenye mashimo yetu hata hizo 110 za moteri ndogo hazipati nafasi ya kukimbia.

"Tutafanya realezaji"

Hapa ndipo ilipo shimo kubwa, na linawakamata hata mafundi wazuri.

Corolla na Carina za zamani, zile zilizofundisha nusu ya mafundi wa Katuba na Kenya kazi yao, zilikuwa na bloko ya chuma. Silinda ikikulika, unaenda kwenye mashine, wanachonga, unatia pistoni kubwa zaidi, motokari inarudi barabarani. Realezaji ya kwanza, ya pili, mara nyingine ya tatu. Moteri ilikuwa kama nguo inayoweza kushonwa tena na tena.

Moteri hizi tatu za RunX ni za alumini. Kwenye 1NZ na 1ZZ, kuta za silinda ni chuma chembamba sana kilichoshikamanishwa ndani ya alumini, na kiwanda hakikukifanya kwa kuchongwa tena. Kwenye 2ZZ hata chuma hicho hakipo: ukuta ni alumini iliyochanganywa na nyuzi za keramiki, na mashine ya kawaida ya kuchongea ikiugusa inauharibu. Fundi anayesema "usiogope papa, tutafanya realezaji" anasema kwa moyo mzuri, kutokana na yale aliyojifunza kwa chuma. Lakini moteri ile haikubali. Wengine wanachonga hata hivyo. Motokari inatoka garaji, inatembea miezi michache, kisha inarudi ikila mafuta kuliko mwanzo, na pesa ya mashine, ya pistoni na ya kazi imekwenda.

Ndiyo sababu tunasema tabia ya zamani haifai tena. Kwa bloko ya chuma, kosa la mafuta lilikuwa gharama. Kwa bloko hii ya alumini, kosa la mafuta ni mwisho wa moteri. Inabaki kununua nyingine ya okazyo.

Lita moja isiyo na mwenyewe

Sasa tuhesabu. Taxi inayofanya kilometa 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inafanya kilometa 3 900. Kwa vumbi letu, msongamano na moteri kusimama ikiwa inazunguka, mafuta yanapaswa kubadilishwa kila kilometa 5 000, si 10 000 kama kwa barabara za Japani. Ni karibu kila wiki tano. Moteri hizi zinabeba lita karibu 4 tu.

Chukua sasa 1ZZ iliyoanza kula lita moja kwa kilometa 1 000, jambo ambalo kwa moteri hiyo si ajabu. Kati ya alama ya juu na alama ya chini kwenye kijiti kuna zaidi kidogo ya lita moja. Kwa hiyo wiki moja na siku chache, kijiti kiko chini. Wiki ya tatu, moteri inazunguka na chini ya nusu ya mafuta yake. Mwisho wa mwezi, kama hakuna aliyeongeza, karibu hakuna kitu.

Na mafuta kwenye moteri hizi hayafanyi kazi ya kulainisha tu. Hazina mkanda wa kubadilisha kila kilometa 100 000. Zina sheni, na kinachoikaza sheni ni nguvu ya mafuta. VVT-i, ule mtambo unaopanga wakati wa vali, nao unaendeshwa na mafuta, kupitia kichujio kidogo kama ukucha. Mafuta yakipungua ao yakiwa tope, sheni inalegea na kupiga kelele asubuhi, VVT-i inakwama, moteri inakunywa esanse zaidi, kisha bieli zinaanza kugonga. Siku hiyo shofere anapiga simu: "Patron, moteri iko inalia."

Juu ya nini hakuna aliyeongeza ile lita? Tazama mapatano. Mara nyingi kwetu shofere analeta versement kila jioni, kiasi kimoja, mvua ao jua. Esanse ni yake. Matengenezo makubwa ni ya mwenye motokari. Lakini lita ya kuongeza katikati ya mwezi ni ya nani? Shofere akiinunua, ameitoa kwenye ugali wa watoto wake, kwa motokari isiyo yake. Akimuomba patron, patron anafikiri anadanganywa ili apate pesa ya bia. Basi anakaa kimya, anatumaini kijiti kitasubiri mpaka tarehe ya kubadilisha. Patron naye, akiwa na deni aliloingia kwa kununua motokari hiyo, anasukuma tarehe wiki mbili mbele. Kila mmoja ameokoa pesa ya lita moja ao mbili, na wote wawili wanapoteza kazi.

Tunasikia mara nyingi mashofere wakilaumiwa kama watu wasiojali. Haituonekani kuwa haki. Mtu anayefanya saa 14 kwa siku na asiye na sehemu yoyote katika bei ya moteri, unamuombaje ailinde kama mwenyewe? Wenye motokari waliobadilisha mapatano wanafanya mambo madogo sana: bidoni ya lita moja inakaa kwenye koferi siku zote, kijiti kinapimwa mbele ya macho ya wote wawili kila wanapokutana kwa versement, na siku ya kubadilisha mafuta haina versement. Siku moja bila versement kila wiki tano. Linganisha na moteri.

Maji, esanse, vumbi

Haya tupite haraka, lakini yanaua pia.

Fundi anapoona moteri inapata moto, mara nyingi anatoa termostati, ile wengine wanaiita kalorstati, na kuitupa. Eti hapa ni nchi ya joto, haina kazi. Si kweli. Bila hiyo moteri haifiki kwenye joto lake, kompyuta inafikiri bado ni baridi na kuongeza esanse, esanse isiyoungua inashuka kwenye mafuta na kuyaharibu. Na bomba la radiateri lililotoboka, ambalo ndilo lilikuwa shida, limebaki vilevile. Maji ya robine nayo yanakula alumini toka ndani. Tia maji ya radiateri yanayofaa, si ya bomba kila asubuhi.

Esanse ya wale tunaowaita Kadhafi, wanaouza kwa bidoni kando ya barabara, si lazima iwe mbaya, lakini haujui iliyochanganywa na nini. Moteri ya 1,5 inavumilia. 2ZZ haivumilii, ukisikia kama kokoto ndogo zinagonga wakati wa kupanda, toa mguu.

Kuanzia Mei mpaka Oktoba, vumbi jekundu linaziba kichujio cha hewa kwa wiki chache tu. Kukipuliza kwa kompresere kunasaidia mara moja, mbili, lakini upepo mkali unatoboa karatasi, na kuanzia hapo moteri inavuta mchanga.

Kwa zile zenye bwate otomatiki, Toyota iliandika mafuta ya aina ya T-IV. Wengi wanatia yoyote mekundu. Bwate haifi siku hiyo. Inakufa baada ya mwaka, na hakuna anayekumbuka.

Volani ya kuume

Hatuwezi kuzungumza RunX bila jambo hili. Japani, Tanzania, Zambia wanatembea kushoto. Sisi tunatembea kuume. Shofere wa RunX anakaa upande wa mtaro, na kwenye njia ya Likasi na Kolwezi, nyuma ya lori la shaba, hawezi kuona kinachokuja mpaka atoe motokari nzima nje. Kinshasa imeshazungumza juu ya volani hizi, na juu ya umri wa motokari, zaidi ya mara moja. Watu wanajibu kwa kuhamisha volani kwenda kushoto katika garaji.

Kazi hiyo ikifanywa vizuri ni sawa. Ikifanywa vibaya ni hatari kuliko volani ya kuume yenyewe. Kunahamishwa si usukani tu: ni kremayeri, mtungi wa freni, pedali, nyaya zote za dashibodi. Tumia mkono: pedali ya freni isicheze upande, volani isiwe na nafasi ya kuzunguka bila pine kugeuka, na fundo la kuchomelea kwenye mhimili wa volani, ukiliona, shuka. Hapo hakuna bei ya kujadiliana.

Kabla ya kutoa makuta

Fika asubuhi, moteri ikiwa baridi, na umkatalie muuzaji anayeiwasha mbele haujafika. Geuza ufunguo bila kuwasha: taa ya moteri na ile ndogo nyekundu ya mafuta lazima ziwake zote mbili, kisha zizimike moteri ikishika. Taa isiyowaka kabisa imetolewa makusudi, na aliyeitoa alikuwa na sababu. Sikiliza sekunde mbili za kwanza: sheni iliyolegea inasema hapo, kisha inanyamaza. Fungua kifuniko cha mafuta utazame ndani. Rangi ya asali ni nzuri, tope jeusi kama grisi ya kinu ni hapana. Usiamini kilometa za dashibodi, zinarudishwa nyuma kwa dakika chache. Amini zaidi pedali iliyokulika, kiti cha shofere, na ile karatasi ya mnada wa Japani kama muuzaji anayo, ambapo herufi R inaonyesha kwamba motokari iliwahi kugongwa na kutengenezwa.

Na kama motokari iko tayari na moteri ya pili, omba carte rose na ulinganishe namba iliyo juu yake na ile iliyochongwa kwenye bloko. Tumeona ZZE123 zinazouzwa kwa bei ya farasi 190, ndani mna 1ZZ ya kawaida. Inatembea, hakuna ubaya. Lakini namba hazipatani, na kizuizi cha kwanza cha roulage kitakachofungua kofia ya mbele kitaishika, nawe ndiwe utakayejibu, si aliyekuuzia.